Marejeo ya Makala ya Jarida la Tiba kwa Mtindo wa Vancouver: Mwongozo Kamili

Daktari aliyemaliza tasnifu yake ya uzamili na sasa anataka kuigeuza kuwa makala ya jarida, mara nyingi hufika kwenye marejeo akiwa amechoka. Takwimu zimeshachambuliwa, majadiliano yameandikwa, msimamizi amepitisha. Imebaki ile orodha ya mwisho, naye anaipa jioni moja. Mwongozo huu ni wake, na ni wa muuguzi, mfamasia au mtaalamu wa maabara aliye katika hali hiyo hiyo. Kazi ya marejeo inastahili zaidi ya jioni moja, na ni vizuri kuanza na sababu yake, kwa kuwa anayeijua sababu hapati shida kuzikumbuka kanuni.

Kwa nini tujali

Tarehe 10 Januari 1980, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha barua ya Jane Porter na Hershel Jick yenye sentensi tano tu. Walisema kwamba kati ya wagonjwa 11,882 waliolazwa hospitalini na kupewa angalau dawa moja ya jamii ya afyuni, walikuta wanne tu walioingia kwenye uraibu bila kuwa na historia ya uraibu. Barua ilihusu watu waliokuwa wodini, chini ya uangalizi.

Mwaka 2017 watafiti wa Kanada walichapisha katika jarida hilo hilo matokeo ya kufuatilia jinsi barua hiyo ilivyotumika. Walikuta machapisho 608 yaliyoirejelea. Asilimia 72.2 ya machapisho hayo yaliitumia kama ushahidi kwamba uraibu ni nadra kwa wagonjwa wanaotibiwa kwa dawa hizo, na asilimia 80.8 hayakutaja kwamba wagonjwa wale walikuwa wamelazwa. Kwa maoni ya watafiti hao, urejeleaji huo wa kiholela ulichangia janga la uraibu wa dawa za maumivu Amerika ya Kaskazini, kwa sababu uliwaondolea madaktari wasiwasi waliopaswa kuwa nao.

Nukta na mabano huenda vilikaa sawasawa katika mengi ya machapisho hayo. Kilichokosekana ni mtu kuifungua barua yenyewe na kuisoma, jambo la dakika moja. Kwa hiyo kanuni inayotangulia zote ni hii: usirejelee kitu ambacho hujakifungua. Usichukue rejeo kutoka kwenye orodha ya mwenzako kwa kuamini kwamba yeye alisoma. Usitegemee ikisiri peke yake. Makala ikiwa imefungwa kwa malipo, tafuta kwanza nakala ya bure PubMed Central, hifadhi ya mtandaoni ya makala za tiba, halafu muulize mkutubi wa chuo au hospitali yako kama taasisi imesajiliwa Hinari, mpango ulioanza mwaka 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani ili taasisi za nchi zenye kipato kidogo zisome majarida bure au kwa bei nafuu. Ikishindikana, mwandikie barua pepe mwandishi mhusika. Wengi hutuma nakala kwa moyo mweupe.

Hatua ya 1: Soma maelekezo ya jarida kabla ya kugusa chochote

Mtindo unaotawala majarida ya tiba unaitwa Vancouver. Mwaka 1978 kundi dogo la wahariri wa majarida ya tiba walikutana katika mji huo wa Kanada ili wakubaliane jinsi miswada inavyopaswa kuletwa kwao. Kundi hilo ndilo lililokua na kuwa Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, ambayo wengi tunaijua kwa herufi zake, ICMJE. Muundo wa marejeo wenyewe unatokana na kanuni za Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, NLM, wenye PubMed, hifadhidata ya makala za tiba.

Mwandishi akiambiwa «tumia Vancouver» hudhani amemaliza, kumbe kila jarida lina Vancouver yake. Tazama rejeo moja katika sura mbili. Hii ndiyo sura ya kawaida ya Vancouver:

Dondorp AM, Fanello CI, Hendriksen IC, Gomes E, Seni A, Chhaganlal KD, et al. Artesunate versus quinine in the treatment of severe falciparum malaria in African children (AQUAMAT): an open-label, randomised trial. Lancet. 2010;376(9753):1647-57.

Na hii ni ya AMA, mtindo wa Chama cha Madaktari cha Marekani unaofuatwa na JAMA na majarida mengine mengi:

Dondorp AM, Fanello CI, Hendriksen IC, et al. Artesunate versus quinine in the treatment of severe falciparum malaria in African children (AQUAMAT): an open-label, randomised trial. *Lancet*. 2010;376(9753):1647-1657. doi:10.1016/S0140-6736(10)61924-1

Makala ni ile ile, lakini waandishi wametoka sita hadi watatu, jina la jarida limeandikwa kwa herufi za mlazo, ukurasa wa mwisho umeandikwa wote, na DOI, kitambulisho cha kudumu cha makala mtandaoni, imeongezeka. Kwa hiyo ukifungua maelekezo ya jarida, tafuta majibu ya maswali haya: waandishi wangapi waandikwe kabla ya «et al», yaani «na wenzake»? Nambari ndani ya matini zikae kwenye mabano ya duara, mabano ya mraba, au ziinuliwe juu ya mstari? DOI inatakiwa? Kuna kikomo cha idadi ya marejeo? Swali la mwisho ndilo linaloumiza zaidi wanaotoka kwenye tasnifu, kwa sababu orodha yenye marejeo mia na zaidi italazimika kupunguzwa, na kupunguza kunabadilisha majadiliano yenyewe.

Kisha pakua makala mbili au tatu zilizochapishwa karibuni na jarida hilo, uone yanayofanyika kweli. Maelekezo ya tovutini yakipishana na makala zilizochapishwa, fuata maelekezo.

Hatua ya 2: Tunza marejeo kwa programu tangu siku ya kwanza ya kusoma

Kupanga nambari kwa mkono katika makala yenye marejeo 35 ni kujitafutia taabu. Msimamizi akiongeza sentensi moja kwenye utangulizi, nambari zote zinazofuata zinahama. Zipo programu za kutunza marejeo. Zotero ni ya bure na inatosha kabisa. EndNote inalipiwa, na Mendeley ni ya kampuni ya Elsevier. Kama huna sababu ya pekee, anza na Zotero.

Njia salama ya kuingiza makala ni kunakili DOI au PMID yake (nambari yake katika PubMed) na kuibandika kwenye kitufe cha kuongeza kwa kitambulisho, chenye alama ya kijiti. Programu italeta taarifa yenyewe. Halafu, na hapa ndipo wengi huteleza, ikague papo hapo huku makala ikiwa wazi mbele yako. Programu haijui kitu, inaleta tu ilichokikuta. Makosa yanayojirudia ni haya:

Kichwa cha makala kinakuja kila neno likiwa na herufi kubwa. Vancouver inataka herufi kubwa mwanzoni mwa kichwa na kwenye majina maalumu tu. Katika Zotero, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya kichwa na uchague badiliko la mfumo wa sentensi, kisha rudisha kwa mkono herufi kubwa za HIV, Tanzania, Plasmodium na vifupisho vingine.

Jina la taasisi linagawanywa kana kwamba ni la mtu. Nimeliona hili katika miswada mingi: Shirika la Afya Duniani linatokea kwenye orodha kama «Organization WH». Tiba yake ni kubadili sehemu ya mwandishi iwe na kisanduku kimoja badala ya viwili.

Jina la jarida linakuja kwa urefu wake wote, au kwa kifupisho cha kubuni. Vifupisho rasmi viko kwenye katalogi ya NLM, na Zotero ina chaguo la kutumia vifupisho vya MEDLINE kwenye mipangilio ya waraka. Yale ya kwetu yajue kwa kichwa: East Afr Med J, Tanzan J Health Res, Pan Afr Med J, Afr Health Sci. Jarida lenye jina la neno moja, kama Lancet, halifupishwi.

Majina ya viumbe yanapoteza mlazo wake. Kama jarida linataka *Plasmodium falciparum* iwe ya mlazo, zungushia jina hilo alama za <i> na </i> ndani ya kichwa cha rejeo katika Zotero, nayo itatokea sawa kwenye Word.

Jambo moja zaidi: kwa kila rejeo, andika kwenye sehemu ya maelezo sentensi moja ya Kiswahili inayosema umelichukulia nini, na ukurasa upi. Mpitiaji akikuuliza miezi sita baadaye umepata wapi ile asilimia, utakuwa na jibu.

Hatua ya 3: Weka nambari ndani ya matini

Nambari hufuata mpangilio wa kutajwa. Chanzo kinachotajwa kwanza ni 1, kinachofuata ni 2, na chanzo kikirudi tena baadaye hubaki na nambari yake ile ile. Vyanzo vinavyofuatana huunganishwa kwa kistari, kama (3-6), na visivyofuatana hutengwa kwa mkato, kama (2,5,9).

Kubwa hapa ni mahali nambari inapokaa. Tazama sentensi hii: «Dripu ya haraka iliongeza vifo vya watoto wenye maambukizi makali, ilhali artesunate ilipunguza vifo vya malaria kali ikilinganishwa na kwinini (7,8).» Msomaji hawezi kujua rejeo lipi linabeba dai lipi. Iandike hivi: «Dripu ya haraka iliongeza vifo vya watoto wenye maambukizi makali (7), ilhali artesunate ilipunguza vifo vya malaria kali ikilinganishwa na kwinini (8).» Sasa rejeo la 7 ni utafiti wa FEAST uliofanyika Kenya, Tanzania na Uganda, na la 8 ni AQUAMAT. Kila dai limekaa na shahidi wake.

Nambari zilizoinuliwa zina desturi yake: katika AMA hukaa baada ya nukta na mkato, lakini kabla ya nukta mbili na nukta mkato.

Majedwali huwachanganya hata waandishi wazoefu. Chanzo kilichotajwa ndani ya jedwali tu hupata nambari kulingana na mahali jedwali lenyewe linapotajwa kwa mara ya kwanza katika matini. Kama Jedwali la 2 linatajwa mara tu baada ya rejeo la 14, vyanzo vipya vilivyomo ndani yake vinaanzia 15, hata kama jedwali lenyewe liko mwisho wa faili. Programu hailijui hili: inahesabu kwa kufuata mahali jedwali lilipo kwenye faili. Njia rahisi ni kuliweka jedwali mara tu baada ya aya inayolitaja wakati unaandika, na kulihamishia mwisho baada ya kuzigandisha nambari.

Hatua ya 4: Jenga rejeo la makala kipande kwa kipande

Hata ukitumia programu, jua kulijenga kwa mkono, la sivyo hutaliona kosa. Chukua hili la utafiti wa selimundu uliofanyika Tanzania:

Makani J, Cox SE, Soka D, Komba AN, Oruo J, Mwamtemi H, et al. Mortality in sickle cell anemia in Africa: a prospective cohort study in Tanzania. PLoS One. 2011;6(2):e14699.

Jina la ukoo linatangulia, herufi za majina mengine zinafuata bila nukta wala nafasi kati yake. Mkato unatenga mwandishi na mwandishi, nukta inafunga orodha. Kichwa cha makala, nukta. Kifupisho cha jarida, nukta. Mwaka, nukta mkato, juzuu, toleo ndani ya mabano, nukta mbili, kurasa. Kuanzia mwaka hadi kurasa hakuna nafasi hata moja. Hapa badala ya kurasa kuna e14699, kwa kuwa jarida hili la mtandaoni hutumia nambari ya makala. Usijaribu kubuni kurasa kwa kuhesabu zile za PDF.

Tahajia ya kichwa ibaki ilivyochapishwa. Makala hiyo imeandika «anemia» kwa Kiingereza cha Marekani, na hata kama mswada wako unatumia cha Uingereza, huna ruhusa ya kuibadilisha.

Majina ya watu

Hapa naomba uangalifu wa pekee, maana rejeo lenye jina lililokosewa linamnyima mtu kazi yake. Mifumo hii ilijengwa kwa majina ya Ulaya yenye jina la ukoo mwishoni, na majina mengi ya kwetu hayaendi hivyo. Waethiopia wengi hutumia jina lao, la baba na la babu, bila jina la ukoo. Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani anaitwa Daktari Tedros, lakini makala yake ya mwaka 1999 katika BMJ kuhusu malaria kwa watoto waishio karibu na mabwawa imeorodheshwa kwa Ghebreyesus TA. Ukiitafuta kwa Tedros peke yake utazunguka bure.

Fuata jinsi makala yenyewe na PubMed zilivyoliandika jina, usilipange upya kwa kadiri unavyomfahamu mtu. Majina yenye kistari yabaki nacho: Olupot-Olupot P, Sobngwi-Tambekou J. Viambishi kama Al, van na de vinabaki na jina la ukoo. Na wewe mwenyewe, chagua mapema namna moja ya kuandika jina lako, usajili ORCID, nambari ya kumtambulisha mtafiti, usiibadilishe kutoka makala moja hadi nyingine.

Hatua ya 5: Vyanzo visivyo makala

Ripoti za taasisi huwekwa hivi:

Kenya National Bureau of Statistics, ICF. Kenya Demographic and Health Survey 2022: key indicators report. Nairobi and Rockville (MD): KNBS and ICF; 2023.

Zingatia kwamba 2022 ni mwaka wa utafiti na 2023 ni wa kuchapishwa. Ukiwa umeisoma mtandaoni, ongeza neno Internet kwenye mabano ya mraba baada ya kichwa, tarehe uliyoisoma, na anwani yake. Tovuti za wizara hubadilishwa na viungo hufa, kwa hiyo hifadhi PDF siku ile ile, na ukiweza hifadhi ukurasa kwenye Internet Archive.

Nyaraka za Kiswahili zina haki ya kurejelewa kama nyingine. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa Tanzania, uliojulikana sana kama MMAM, ubaki na jina lake la Kiswahili, tafsiri ya Kiingereza ifuate katika mabano ya mraba, na mwisho kabisa wa rejeo liandikwe neno Swahili kuonyesha lugha. Wapo wanaoandika tafsiri peke yake, na msomaji anayetafuta waraka kwa jina hilo hafiki popote.

Tasnifu huchukua jina la mwandishi, kichwa, neno dissertation kwenye mabano ya mraba, mji, chuo na mwaka. Andiko la awali lililowekwa mtandaoni kabla ya kupitiwa na wataalamu lazima litajwe wazi kuwa ni preprint, na kabla ya kuwasilisha angalia kama limeshachapishwa jaridani, ili urejelee toleo hilo. Makala iliyokubaliwa lakini haijatoka huandikwa kwamba inakuja. Iliyowasilishwa tu, haiingii kwenye orodha.

Mazungumzo binafsi, kwa mfano takwimu ulizopewa kwa simu na mganga mkuu wa wilaya, hutajwa ndani ya matini kwa jina na tarehe baada ya kupata ruhusa yake ya maandishi, na pale tu ambapo taarifa hiyo haipatikani hadharani.

Majibu ya akili unde si chanzo, na ICMJE imesema wazi kwamba hayakubaliki kama chanzo cha msingi. Kibaya zaidi, programu hizo zinaweza kutunga marejeo ambayo hayapo, yenye waandishi wa kweli, jarida la kweli, na kichwa kinachovutia.

Hatua ya 6: Kagua kama mpitiaji mwenye mashaka

Chapisha orodha kwenye karatasi. Macho yanaona makosa ya nukta kwenye karatasi kuliko kwenye skrini. Kisha fanya mambo mawili kwa kila rejeo.

Kwanza, bandika DOI baada ya https://doi.org/ uone inakopeleka. Ikipeleka kwenye makala nyingine, au isipopeleka popote, rejeo lina kasoro, au halipo duniani.

Pili, angalia kama makala imefutwa. Makala ya Wakefield na wenzake iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji ilitoka kwenye Lancet mwaka 1998 na ikafutwa na jarida hilo Februari 2010. Inaendelea kupatikana, ikiwa na alama ya kufutwa. Kwa mujibu wa ICMJE, ni jukumu la mwandishi kuhakikisha harejelei makala iliyofutwa, isipokuwa anazungumzia kufutwa kwenyewe, na hapo anaongeza taarifa ya kufutwa mwishoni mwa rejeo: Retraction in: Lancet. 2010;375(9713):445. Zotero hukuonya kwa bango jekundu, kwa kuwa imeunganishwa na hifadhidata ya Retraction Watch. Rudia ukaguzi huu kabla ya kila uwasilishaji, maana makala iliyokuwa salama ulipoanza kuandika inaweza kuwa imefutwa leo.

Mwisho wa ukaguzi, hesabu: kila nambari ya kwenye matini iwe na rejeo, na kila rejeo liwe na nambari kwenye matini.

Hatua ya 7: Wasilisha

Hifadhi nakala mbili. Moja ibaki na viunganishi hai vya Zotero, ndiyo utakayoirekebisha baada ya maoni ya wapitiaji. Nyingine ikate viunganishi kwa amri ya kutenganisha marejeo, ili nambari zigande kuwa matini ya kawaida. Hiyo ndiyo ya kupandisha, kwa sababu mifumo mingine ya majarida huvuruga viunganishi hai. Ukikosea ukaikata nakala pekee uliyonayo, utalazimika kuingiza upya kila nambari.

Jarida likikukatalia na unahamia jingine, fungua nakala yenye viunganishi hai, badili mtindo, kisha rudi Hatua ya 1. Kubadili mtindo ni bofyo moja, lakini bofyo hilo halijui kikomo kipya cha marejeo wala desturi ya jarida jipya.

Baada ya kukubaliwa, utaletewa nakala ya kusahihisha, na mara nyingi maswali ya mpangaji kurasa huwa kwenye marejeo: toleo halipo, DOI hailingani, mwaka umegongana. Muda unaopewa huwa mfupi, pengine siku mbili. Jibu kila swali ukiwa na PDF ya chanzo mbele yako, pamoja na ile sentensi uliyoandika kwenye maelezo ulipoisoma mara ya kwanza.